Tenga la sokoni, fungu la genge na maganda: hela ya mboga inaokolewa wapi?

Anayetaka kupunguza matumizi ya jikoni huambiwa mambo mawili: nunua kwa jumla, na usitupe kitu. La kwanza linamwamsha mkazi wa Dar es Salaam alfajiri kwenda soko la Mabibo au la Ilala kufuata tenga la nyanya. La pili linamtaka akusanye maganda ya karoti, mikia ya vitunguu na vikonyo vya mboga kwenye friza, mfuko ukijaa achemshe supu. Yote mawili yana ukweli, lakini yote mawili yanaweza kumla mtu hela huku akiamini anaweka akiba.

Tuanze na tenga, maana hapo ndipo hela nyingi ilipo. Tuseme nyanya za jumla zinakuangukia shilingi 1,200 kwa kilo, na za gengeni, ukiyapima mafungu kwenye mzani, zinafika 2,000. Kilo 20 za sokoni ni 24,000. Ongeza 5,000 ya mbebaji na bodaboda, umetumia 29,000. Gawanya kwa 2,000 ya gengeni unapata 14.5. Maana yake ni kwamba familia lazima ile kilo 14 na nusu kati ya zile 20 ndipo uwe sawa na jirani aliyenunua mafungu. Zikioza kilo 6, umepata hasara juu ya uchovu. Nyumba inayotumia kilo 1 kwa siku inahitaji siku 20 kuzimaliza, na nyanya iliyoiva vizuri haivuki siku 5 au 6 kwenye joto la pwani.

Kinachoziua ni uzito. Za chini hupasuka, maji yake yanalowesha za juu, ukungu unahama kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo tenga lisilale na nyanya ndani hata usiku mmoja. Mwaga zote, zichambue makundi matatu. Zilizopasuka zinapikwa siku hiyohiyo. Zilizoiva zinaliwa kwanza, na hizi tu ndizo zinaweza kuingia friji zikizidi. Zenye ukijani au umanjano panga safu moja juu ya gazeti, upande wa kikonyo ukiwa chini, zisigusane, mbali na jua. Hizo zinaweza kukufikisha siku 8 hadi 10. Ukiziweka friji zikiwa mbichi, baridi inazizuia kuiva sawasawa na utamu unapotea.

Zinazobaki zipike zikaukie maji yake. Kilo 5 zikikatwa na kuchemshwa bila maji kwa dakika 40 hivi, huku ukikoroga zisishike chini, zinatoa kama lita 2 za rojo zito. Acha lipoe, ligawe kwenye vimfuko, kila kimoja kikitosha chungu kimoja cha mboga, ugandishe. Umeme ukikatika usilifungue friza: lililojaa linashika baridi kama saa 48, lenye nusu kama saa 24. Asiye na friza hana hatua hii, na kwake tenga zima ni kamari.

Ndiyo maana mwenye genge anadhulumiwa kila anaposemwa kwamba anauza ghali. Ndani ya bei ya fungu mna gharama ya kuoza ambayo ameshaibeba yeye. Amechambua, ametupa, nyingine amezishusha bei akaziuza kama masalo, na wewe umechukua nyanya 5 nzima zinazoishia kwenye chungu jioni ileile. Kwa anayeishi chumba kimoja cha kupanga bila friji, fungu la kila siku mara nyingi ndilo rahisi kuliko yote. Ubaya wake ni kwamba fungu halina kipimo. Bei inabaki 1,000 msimu mzima, huku nyanya zikishuka kutoka 7 hadi 4 bila mnunuzi kushtuka. Pima fungu moja mara moja kwa wiki, hata kwenye mzani wa duka la jirani, utajua unalipa nini.

Majirani watatu au wanne wakigawana tenga moja, wanapata bei ya jumla na kila mtu anabeba kinachoisha ndani ya siku 5. Huo ndio ununuzi wa jumla wa nyanya ninaouamini. Vitunguu na viazi ni habari nyingine, vinavumilia. Vitunguu vikavu vyenye shingo ngumu, vikitandazwa au kuning'inizwa penye hewa, vinakaa wiki nyingi. Viazi vinataka giza. Usiviweke pamoja, maana unyevu wa viazi unavichipuza vitunguu.

Sasa supu ya maganda. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba umeshalipia kilo nzima, kwa nini utupe robo? Lakini jiko halichemshi bure. Jiko la gesi likiwaka kwa moto wa wastani dakika 45 linakula kama gramu 100, hivyo mtungi wa kilo 6 ni vyungu 60 vya namna hiyo. Ukiwa unaujaza kwa 24,000, kila chungu cha maji ya maganda ni shilingi 400 za gesi, kabla hujahesabu umeme wa friza. Ladha unayopata inakaribia ile ya kitunguu kimoja na karoti moja. Ushauri huu unamfaa mwenye oveni inayowaka tayari na friza lenye nafasi, au mwenye mkaa unaokaribia kuisha baada ya kuivisha maharage. Kuwasha moto kwa ajili ya maganda peke yake hakulipi.

Linalolipa ni sehemu inayoingia chungu kilekile cha siku ileile. Mashina ya sukuma wiki yakatwe vipande vyembamba, yatangulie kwenye kitunguu dakika 3 au 4, ndipo majani yafuate. Kiini cha kabeji kiparwe kama karoti. Vikonyo vya giligilani vina harufu kuliko majani yake, vitwange na kitunguu saumu. Majani ya maboga yamenywe nyuzi kwanza. Nyama nyeupe ya ganda la tikiti, ukiondoa ngozi ya kijani, hupikwa kama mumunye.

Na yapo ya kutupa bila huruma. Kiazi chenye ukijani au kilichochipua kina sumu iitwayo solanini, ambayo kuchemsha hakuimalizi. Menya kwa kina, na kikiwa kijani sehemu kubwa kitupe kizima. Maganda ya muhogo yana sumu ya sianidi, hata mbuzi asipewe mabichi. Nyanya iliyopuliziwa dawa karibu na kuvunwa huoshwa kwa maji yanayotiririka, ingawa maji huondoa ya juu tu. Mahindi na karanga zenye ukungu ndiyo hatari kuu: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na sumu hiyo haifi kwenye ugali.

Wanaosisitiza maganda hutaja pia takwimu za Umoja wa Mataifa. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la umoja huo, inakadiria kwamba kaya duniani hutupa wastani wa kilo 79 za chakula kwa mtu kwa mwaka. Hesabu hiyo inajumlisha visivyolika, mifupa na maganda humohumo. Ndizi mbichi ya kupika huacha zaidi ya theluthi ya uzito wake kwenye ganda, kwa hiyo nyumba inayokula ndizi na mihogo itaonekana mharibifu hata ikila kila kinacholika. Ganda la ndizi ni haki ya mbuzi au ya shimo la mboji, na kulitoa jikoni si uharibifu.

Uharibifu wenyewe unalala kwenye mfuko uliofungwa. Mchicha wa gengeni hunyunyiziwa maji usinyauke, mnunuzi anaufunga hivyohivyo, na asubuhi majani ya katikati yameshakuwa ute. Ukifika nyumbani fungua kamba, kung'uta maji, toa ya njano, viringisha kwenye gazeti au kitambaa kikavu, weka ndani ya friji, sehemu ya chini, mbali na ndizi zilizoiva, maana hewa inayotoka kwenye ndizi huyageuza majani njano. Mchicha huo unakaa siku 3 au 4. Bila friji, simamisha mashina kwenye kopo lenye maji ya vidole viwili, penye kivuli, na uupike kabla ya jioni ya kesho.