Mzazi Mke Wangu, Tumbo Langu

Mtu wa mwisho kunipima mwili huu alikuwa fundi wa kanzu, tena mwaka wa harusi. Alizungusha utepe tumboni, akaandika, akazungusha tena, akaniuliza harusi ni lini. Nikamwambia bado wiki mbili. Akaongeza inchi tatu bila kusema neno. Toka siku hiyo hakuna aliyenisogelea na kipimo, mpaka tulipompeleka Rukia chanjo ya wiki sita.

Sasa tazama uonevu. Kitoto cha wiki sita, hakijalipa hata nauli ya matatu, kina kitabu chake cha kliniki! Humo mmeandikwa kilizaliwa na kilo ngapi, kimechanjwa nini, kirudi wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 9 kwa surua, miezi 18 tena. Hata tuktuk yangu ina kibandiko cha tarehe ya kubadilisha oili. Mimi mwenye tuktuk na mwenye mtoto, miaka 43, sina hata karatasi ya kufungia njugu.

Nilikwenda pale kama dereva tu. Nimekaa kwenye benchi la kina mama, nimepakata mfuko wa nepi, sista akapita na ile mashine ya presha. "Na wewe Baba Rukia, lete mkono." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kile kitambaa kikanikaba mkono kama askari wa kaunti aliyekukuta umeegesha pasipo ruhusa, kisha kikaachia. 158 kwa 102. Nikauliza kama ni nzuri, maana shuleni sijapata kufikisha 100 katika somo lolote. Akaniambia nikae dakika tano, miguu chini, nisizungumze. Mtu wa Mombasa, asizungumze dakika tano! Akapima tena: 154 kwa 100. Kipimo cha siku moja hakitoshi, akasema, rudi wiki ijayo, na mstari wenyewe ni 140 kwa 90. Nikarudi, na nikarudi tena. Mara zote niko juu ya mstari. Nikaandikiwa vidonge, kimoja kila asubuhi.

Nilijitetea, msidhani nilinyamaza. Sista, sigara sivuti. Muguka, yale majani ya kutafuna ambayo kaunti iliyapiga marufuku 2024 mambo yakaishia kortini, sijautia mdomoni. Akauliza, "Na chumvi je?" Nikatazama feni ya darini.

Lakini mnihukumu kwa haki. Kosa ni la arubaini. Mtoto kuzaliwa tu, mama mkwe akahamia kwetu na sufuria zake. Asubuhi supu ya mbuzi, katikati uji wa pilipili manga na samli, mchana wali wa nazi, ati mzazi arudishe nguvu na maziwa yashuke. Mzazi mwenyewe anakula vijiko vinne, anasinzia. Je, supu imwagwe? Mbele ya mkwe? Ndiyo nikawa nafutia bakuli mimi, kwa heshima tu, siku arubaini mfululizo. Mzazi alikuwa mke wangu, tumbo likabaki kwangu.

Sista alisema chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, tena pamoja na ile iliyokwisha jificha kwenye mkate. Katika maneno yote aliyosema, mke wangu alishika hilo. Siku ile ile kopo la chumvi likatoweka jikoni; wiki nzima nalitafuta, kumbe liko ndani ya mfuko wa nepi, mahali anapojua mkono wangu haufiki kwa hiari. Umewahi kula mbaazi za nazi zisizo na chumvi? Ni harusi ambayo taarabu haikuja. Watu wapo, viti vipo, lakini mnatazamana tu.

Nikasema nitajifariji nje. Mama wa viazi karai pale kona ya kwetu Kisauni ni mtu wangu wa miaka. Nikaegesha.

"Baba Rukia, leo sina."

Karai linachemka mbele yangu! Viazi vinaogelea, manjano tupu!

"Na hivi?"

"Hivi vina wenyewe." Akafunika na bakuli la ukwaju, nisije nikashiba kwa harufu.

Mke wangu alikuwa amempitia. Kampitia na wa mishkaki, na kijana wa kachri. Zamani nikiumwa ni shauri langu na Mola wangu. Sasa mwili huu umekuwa mali ya mtaa.

Nikakimbilia kahawani, na kule ndiko waliko madaktari wenyewe. Mmoja akasema kitunguu saumu, kitafune kibichi. Mwingine mlonge. Wa tatu akashusha sauti: "Vidonge hivyo usivianze, ukianza huachi." Wakaitikia wote. Mzee mmoja wa pembeni, ambaye kiharusi kilimwachia mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, akaweka kikombe chini taratibu kwa mkono huo. Akasema, "Mimi niliacha."

Kashata zilikaa sahanini hazijaguswa. Kahawani kwetu hilo sijaliona kabla.

Usiku nikawa napiga hesabu. Rukia akifika miaka 20 mimi nina 63. Babangu alianguka nikiwa darasa la sita. Watu walisema ni uchovu.

Asubuhi nikameza kidonge, nikaenda kutembea. Kliniki wanataka dakika 150 kwa wiki. Nami kutwa nazunguka mji mzima, ila wanaozunguka ni magurudumu, mimi nimekaa kitako. Nikachagua pale Mama Ngina, kando ya bahari, kuna upepo. Lakini aliyeipanga ile sehemu hatupendi sisi wagonjwa: mkono huu bahari na mibuyu, mkono huu mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, na chumvi yao wanaimwaga kwa kiganja! Napita hapo nimeziba pumzi, na mtoto kifuani. Meli zinaingia Kilindini na makontena yamepandana kama ghorofa, zinapita kimya. Mimi nimebeba Rukia wa kilo saba, nahema mpaka wauza madafu wananipisha kiti.

Basi ikafika miezi 9, sindano ya surua. Rukia alilia, mimi nikatoa mkono kabla sijaambiwa. 136 kwa 86. Sista akatafuta pa kuandika. Kadi yangu, bila shaka, nimeisahau nyumbani. Akakifunua kitabu cha Rukia ukurasa wa mwisho, akaandika "Baba", na nambari zangu, na tarehe ya kurudi.

Tukaondoka, nimefura kifua kama niliyepewa shahada. Kufika kona, mke wangu akanigonga begani nisimame. Moyo ukanienda mbio, nikasema leo nimesamehewa. Akashuka, akanunua viazi vinne. Akapanda nyuma, akavila vyote, na ukwaju, na pilipili, harufu imejaa tuktuk nzima.

Nikageuza shingo kidogo.

"Baba Rukia," akasema, mdomo umejaa, "tazama barabara."