Kibofu cha mgonjwa wa Parkinson: vidonge kwanza, au mazoezi?

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, akisema anabanwa na mkojo ghafla, na usiku hapati usingizi kwa kwenda chooni, huambiwa ni uzee. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe: dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, ikipungua ubongoni, breki inayozuia kibofu kujikaza kabla ya kujaa hulegea. Na kwa mtu ambaye miguu inaganda na presha inashuka akisimama, haraka ya kwenda chooni gizani ni hatari ya kuvunjika nyonga.

Vidonge vilivyozoeleka, kama oksibutinini na solifenasini, huzuia asetilikolini, kemikali nyingine ya neva, ili msuli wa kibofu utulie. Husaidia, sibishi. Ila asetilikolini hiyohiyo hutumika kwenye kumbukumbu na kusukuma choo, na mgonjwa huyu mara nyingi tayari anapata choo kigumu. Oksibutinini ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu hupenya kirahisi hadi ubongoni. Tena huku kwetu wapo wanaotumia benzheksoli kwa ajili ya kutetemeka, maana levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ni ghali na haipatikani kila mahali. Benzheksoli nayo huzuia asetilikolini. Ukiiweka pamoja na kidonge cha kibofu kama oksibutinini, mzee anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, halafu familia idhani ugonjwa umepanda.

Mirabegroni, dawa ya kibofu isiyozuia asetilikolini, haina shida hiyo, ingawa huweza kupandisha presha.

Upande wa pili kuna mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga na kujifunza kutulia haja inapobana badala ya kukimbilia chooni. Jaribio lililofanywa na hospitali za maveterani (askari wa zamani) nchini Marekani, matokeo yake yakatolewa 2025, liliyalinganisha na solifenasini kwa wiki 12. Mazoezi hayakupitwa na dawa, na midomo iliyokauka ilikuwa mingi zaidi kwa waliomeza vidonge.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mazoezi, baada ya kupima mkojo kama kuna maambukizi na, kwa wanaume, kuangalia tezi dume. Lakini mazoezi yanataka akili inayokumbuka na mtu wa kuyafundisha, na wataalamu wa fiziotherapia ya nyonga ni wachache. Aliyepoteza kumbukumbu hayawezi. Huyo apelekwe chooni kwa saa maalumu, awekewe chombo cha mkojo kando ya kitanda, na kama dawa haiepukiki, daktari aanze kwa kuitazama upya benzheksoli.