Tarawehe ni sunna, tusimfukuze mtu kwenye swaumu kwa ajili yake

Mtoto wa kaka yangu analinda yadi ya mbao hapa Moshi. Anaingia lindo saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ramadhani ya mwaka 2025, kumi la kwanza halijaisha, nilimkuta soko la Mbuyuni saa tano asubuhi ameshika chupa ya maji, anakunywa mbele za watu. Nilimvuta pembeni, nyuma ya magunia ya viazi, nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, shangazi. Nimeacha tu."

"Umeacha nini?"

"Kufunga. Tarawehe siswali, niko lindo. Na wanasema anayefunga bila tarawehe anashinda na njaa bure. Nikaona nisijitese."

Maneno yale sijayatua mpaka leo. Kijana mwenye afya yake ameacha nguzo ya Uislamu kwa sababu ameikosa tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani ambayo ni sunna tu, si faradhi! Na waliomfikisha hapo si maadui wa dini. Ni wenzake wa msikitini, watu wanaompenda, kwa ile lugha yetu ya kusutana: mbona usiku hatukuoni, kwani wewe unafunga au unashinda njaa?

Hilo la kushinda njaa limetoka kwenye hadithi, lakini tumelihamisha mahali pake. Mtume (S.A.W.) alisema wako wafungaji wasioambulia kitu ila njaa, na wako wanaosimama usiku wasioambulia kitu ila kukesha. Nusu ya pili huwa hatuitaji. Na katika hadithi nyingine alibainisha kinachoiharibu swaumu ya mtu: asipoacha maneno ya uongo na matendo yake, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Tarawehe haikutajwa hapo.

Huku wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na hukumu yake iko wazi: tarawehe ni sunna muakkada, yaani sunna iliyotiliwa mkazo. Anayeiswali ana thawabu kubwa, kwani aliyesimama Ramadhani kwa imani na kutaraji malipo ameahidiwa kusamehewa madhambi yaliyotangulia. Anayeikosa amekosa kheri, hana dhambi, na swaumu yake ni nzima. Wanazuoni wa Kisuni kwa jumla wako hapo hapo. (Ndugu zetu Mashia wa Ithnaashari hawaiswali kwa jamaa, na wana hoja zao.) Kuhusu idadi ya rakaa, nane au ishirini, sitasema mengi, maana ugomvi ule umeshatula miaka ya kutosha.

Ninachotamani kila Muislamu akijue ni namna swala hii ilivyoanza. Mama Aisha (R.A.), mke wa Mtume, amesimulia kwamba Mtume alitoka usiku akaswali msikitini, watu wakaswali nyuma yake. Usiku wa pili wakaongezeka, wa tatu wakazidi. Usiku wa nne msikiti ukafurika, wakamngoja, hakutoka mpaka alfajiri. Aliposwalisha alfajiri akawaambia kuwa kukusanyika kwao hakukufichika kwake. Aliogopa tu isije ikafaradhishwa juu yao, wakashindwa. Na katika mapokezi ya sahaba Zaid bin Thabit aliwaambia waswali majumbani mwao, kwani swala bora ya mtu ni ile ya nyumbani kwake, isipokuwa ya faradhi.

Hebu litazame hilo. Mtume alikaa ndani, watu wamejaa nje wanamsubiri, kwa kutuhurumia. Alimwona mwenye kazi ya usiku, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga. Sisi leo jambo lile lile alilotuogopea tunalifanya kwa midomo yetu: tunaifaradhisha.

Swala ya jamaa moja nyuma ya imamu mmoja ilirudishwa na Omar bin Khattab (R.A.) wakati wa ukhalifa wake. Aliwakuta watu msikitini wametawanyika, huyu anaswali peke yake, wale kikundi, akawakusanya nyuma ya sahaba Ubayy bin Kaab. Alifurahi alipowaona usiku mwingine wamejipanga. Hata hivyo alisema saa wanayoilala ni bora kuliko hii wanayoisimamia, akikusudia mwisho wa usiku. Maneno hayo nilimsomea mtoto wa kaka yangu mara mbili, kwa sababu mwisho wa usiku ndio saa yake ya kazi. Wakati wa tarawehe unaanzia baada ya isha hadi alfajiri, na mtu anaweza kuiswali peke yake, popote palipo safi.

Wapo watakaoniambia, mama, ukiwatangazia watu kuwa si lazima msikiti utabaki mtupu. Naielewa hofu hiyo. Mimi mwenyewe naipenda tarawehe kuliko ninavyoweza kueleza: mvua ya masika inapiga mabati, watoto wamelala kwenye mkeka nyuma ya safu zetu za wanawake, imamu anavuta juzuu nzima ya Kurani kwa sauti isiyo na haraka, na kila baada ya rakaa nne tunapumzika kidogo, maana ndiko jina lenyewe lilikotoka, kupumzika. Nikikosa usiku mmoja naumia. Lakini tumekuwa tukisutana miaka yote, na bado ikifika kumi la kati safu zinapungua. Aliyesutwa harudi, hukaa mbali na sisi.

Na kuna bedui aliyemwendea Mtume kuuliza Uislamu ni nini. Akaambiwa swala tano. Akauliza, kuna nyingine juu yangu? Hapana, ila ukijitolea. Akaambiwa swaumu ya Ramadhani, akauliza vile vile, akajibiwa vile vile. Akaondoka akiapa hataongeza wala hatapunguza, na Mtume akasema amefaulu ikiwa amesema kweli. Bedui yule angefika kwenye baraza zetu za baada ya futari, tungemwita mvivu wa dini.

Mtoto wa kaka yangu alifunga siku iliyofuata. Zile alizokula alitubia, akazilipa baada ya Idi. Usiku, akishazunguka yadi na tochi yake, hutandika boksi la vigae kando ya kibanda. Kibla huku Moshi iko upande wa Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo kukiwa hakuna mawingu anaswali kilele cha Kibo kikiwa mbele yake. Anaswali rakaa mbili mbili. Sura za Kauthari na Ikhlasi ndizo alizozihifadhi vizuri, basi anazirudia hizo hizo mpaka wakati wa daku.