Virusi pacha vya mimea: tuvipange kwa vinasaba au kwa mdudu anayevibeba?

Kirusi cha familia ya Geminiviridae hakifanani na kingine chini ya hadubini ya elektroni. Ni maganda mawili yaliyoungana ubavuni kama pacha, urefu wa nanomita 38 hivi kwa upana wa 22, na jina la familia limetokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo ya pacha. Ndani mna DNA ya duara, ya uzi mmoja, ambayo kwa kawaida ina herufi kati ya 2,500 na 3,000 tu. Kwa jeni zisizofika hata 10 kirusi hiki kinaangusha mihogo, mahindi, nyanya, maharage na pamba. Ndiyo maana mabishano kuhusu namna ya kukipa jina hayanipi raha. Mtu akisoma jina hudhani ameshaambiwa ugonjwa unatoka wapi na utaenda wapi, na mara nyingi hajaambiwa.

Hapo awali mpangilio ulimfuata mdudu. Vinavyobebwa na nzi weupe viliwekwa upande mmoja, navyo ndivyo jenasi (kundi la spishi za jamaa moja) ya Begomovirus. Vinavyobebwa na vidudu virukaji vya kwenye nyasi na nafaka vikawa upande mwingine: Mastrevirus, wenye kirusi cha milia ya mahindi. Kisha usomaji wa vinasaba ukawa rahisi na mizani ikahamia huko. Leo familia ina spishi zaidi ya 500, nyingi mno zikiwa Begomovirus, na mpaka kati ya spishi na spishi ni asilimia. Katika Begomovirus, DNA-A (duara kuu la DNA, maana baadhi yao wana maduara mawili) zikifanana kwa asilimia 91 au zaidi, hiyo ni spishi moja. Katika Mastrevirus mpaka ni asilimia 78. Familia ni moja lakini vipimo ni viwili, na kila kimoja kimewekwa mahali ambapo takwimu za ufanano zenyewe zinaonyesha pengo.

Wanaomtetea mdudu wana hoja nzito. Virusi hivi havishiki mdomoni tu. Mdudu hufyonza utomvu wa floemu, yaani mirija ya chakula ya mmea, kirusi kikapenya ukuta wa utumbo, kikaingia kwenye damu yake, kikafika tezi za mate, na hapo tu ndipo kinaweza kutemwa kwenye mmea mwingine. Mlango wa utumbo haufunguki kwa kila mgeni. Mtafiti H. H. Storey alilionyesha hilo zamani kwa Cicadulina mbila, kidudu kinachoeneza milia ya mahindi. Alikuta wengine wanaambukiza na wengine hawawezi, na kwamba uwezo huo unarithiwa. Mwaka 1933, akiwa Amani, Tanganyika, alieleza jinsi alivyotoboa utumbo wa wale wasioweza kwa sindano nyembamba. Baada ya kutobolewa, wakaambukiza. Kila nikiirudia taarifa ile nashangaa: jibu lilikuwa kwenye ukuta wa utumbo, miongo mingi kabla ya yeyote kusoma herufi moja ya DNA ya kirusi hicho.

Ufunguo wa mlango huo ni protini ya ganda. Mwaka 1990 watafiti walitoa jeni ya ganda ya kirusi cha batobato ya mihogo, ambacho hubebwa na nzi weupe, wakapachika ile ya kirusi cha kujikunja kwa majani ya bitiruti, ambacho hubebwa na kidudu kirukaji. Kirusi kile cha kuunganishwa kikaweza kusambazwa na kidudu kirukaji. Jeni moja tu, na msambazaji akabadilika.

Lakini hapo hapo ndipo hoja ya ganda inapoanza kulegea, na Uganda ndiyo iliyotuonyesha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilifagia mashamba ya mihogo huko. Vipimo vya kingamwili, ambavyo vinalitambua ganda, vilisema ni kirusi kilekile cha batobato cha Afrika. Mwaka 1997 vinasaba vilionyesha jambo jingine: mwili ulikuwa wa kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki, na ndani ya jeni ya ganda kulikuwa na kipande kilichochukuliwa kwa ndugu yake, kile cha batobato cha Afrika. Virusi viwili vilikutana ndani ya mmea mmoja vikabadilishana vipande. Kwa ganda peke yake tungeendelea kumsingizia asiyehusika. Kwa hili nawaunga mkono watu wa vinasaba bila kusita.

Hata hivyo, asilimia 91 nayo haikupiga kengele. Kwa kipimo hicho kirusi cha Uganda kinabaki ndani ya spishi ya kawaida ya Afrika Mashariki, kikiwa tofauti kwa daraja la chini tu. Mahindi yana kisa kama hicho: jina moja la spishi limefunika kundi A, ambalo ndilo linaloleta milia mikali, pamoja na makundi mengine ambayo kwa kawaida huishi kwenye nyasi bila kuliumiza hindi sana. Kipo pia kirusi cha batobato ya Abutilon, ua la mapambo. Ua hilo limezalishwa kwa vipandikizi kwa vizazi vingi, kirusi kikasafiri humo bila kumhitaji mdudu, hadi kukapatikana vizalia visivyobebeka na nzi weupe. Tofauti iko kwenye asidi amino chache za ganda. Asilimia hazioni badiliko dogo kiasi hicho, ila nzi anaona.

Kwa hiyo ningeuacha ukoo upangwe kwa vinasaba, maana ndivyo vinavyohifadhi historia, lakini nisingeruhusu maelezo ya spishi yachapishwe yakiwa na pengo la msambazaji kana kwamba ni jambo dogo. Tangu mwaka 2017 wataalamu wengi wamekubali virusi vipangwe hata kwa mfuatano wa vinasaba peke yake, na wana sababu: tukisubiri kila mdudu akamatwe, virusi vingi vitabaki bila jina. Jenasi ya Opunvirus ilizaliwa hivyo. Ilitoka kwenye mipungate na jamaa zake, na alama za kirusi hicho zilionekana pia ndani ya kidudu kinachofyonza mimea hiyo. Kuonekana ndani ya mdudu si kuambukizwa naye, kwa kuwa utumbo wa mfyonzaji yeyote utakuwa na kile alichokula. Kuthibitisha kunataka kazi ya kizamani: mmea mgonjwa, mmea mzima, kidudu kuhamishwa kutoka huku kwenda kule, kisha kusubiri wiki kadhaa kuona jani jipya litatokaje.