Mfini na Kiingereza cha kale: kuhesabu maneno ndiko kuyajua?

Mtu aliyezaliwa Ufini, akalelewa kwa lugha isiyo na udugu na Kiingereza, ana haki gani ya kuwasimulia Waingereza historia ya lugha yao? Nitajibu mapema: ana haki ile ile aliyo nayo mzaliwa wa London. Kiingereza cha mwaka 900 hakina mzawa aliye hai. Mwingereza na Mfini wote ni wanafunzi mbele ya maandishi yale yale. Tena mgeni ana nafuu yake, kwamba sikio lake halimdanganyi kirahisi. Leo neno "deer" ni mnyama anayefanana na paa na kulungu. Zamani, likiandikwa "deor", lilikuwa mnyama wa mwituni yeyote. Aliyezoea la leo ndiye mwepesi wa kupotea.

Mfini ninayemzungumzia ni Matti Rissanen, aliyefariki mwaka 2018, aliyekuwa profesa wa filolojia ya Kiingereza, yaani uchunguzi wa lugha kupitia maandishi yake, katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Hakuanzia jangwani. Helsinki ilikuwa na jarida la kitaaluma la lugha za Ulaya tangu 1899, na mwaka 1960 Tauno Mustanoja alikuwa ametoa kitabu kikubwa cha sintaksia (miundo ya sentensi) ya Kiingereza cha Kati, kile cha takriban mwaka 1100 hadi 1500, ambacho wataalamu hukirejea hadi leo. Tasnifu ya Rissanen mwenyewe, ya mwaka 1967, ilihusu neno moja tu, "one", na matumizi yake katika Kiingereza cha Kale, kilichotangulia hicho, na mwanzoni mwa kile cha Kati. Neno moja, kitabu kizima. Nataka tulishike hilo, kwa sababu mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya kuingiza kwenye kompyuta maneno takriban milioni moja na nusu.

Kazi hiyo ni Kopasi ya Helsinki, yaani mkusanyo wa matini uliopangwa ili uchunguzwe kwa kompyuta, iliyotolewa mwaka 1991. Ndani yake mna sheria, mahubiri, mashauri ya mahakamani, vitabu vya tiba, tamthilia na barua za faragha, kuanzia karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 18. Kila matini imewekewa alama: ya lini, ya aina gani, na inapojulikana, mwandishi alikuwa nani na wa tabaka gani. Kabla ya hapo, mtafiti aliyetaka kujua muundo fulani ulianza lini kutumika alisoma miaka mingi na kujaza kadi masandukuni. Sasa mwanafunzi aliye mbali na maktaba kubwa aliweza kuuliza swali lile lile na kupata mifano siku hiyo hiyo. Nakiona kitendo hiki kuwa cha haki, si cha ufundi tu.

Faida yake ilionekana wazi Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, wa chuo hicho hicho, walipokusanya maelfu ya barua za Waingereza wa karne ya 15 hadi ya 17. Humo wamo wafanyabiashara wa sufu, makabaila, wake wanaowaandikia waume zao walio safarini. Barua hizo zilionyesha kwamba "hath" ilipokuwa ikiipisha "has", na "ye" ikiipisha "you", waliotangulia mara nyingi ni wanawake. Kwenye kuacha kukanusha mara mbili katika sentensi moja, waliotangulia ni wanaume, hasa wenye elimu na vyeo. Hakuna msomaji mmoja, hata awe hodari vipi, ambaye angeliona hilo kwa kusoma barua mojamoja. Linaonekana zikiwekwa pamoja na kuhesabiwa.

Wenye mashaka nao wana hoja nzito. Wanawake wengi wa Uingereza wa wakati huo hawakujua kuandika, na baadhi ya barua zenye majina yao ziliandikwa na makarani. Mkulima na mtumishi hawasikiki kabisa, au wanasikika kwa mbali. Na yale maneno milioni moja na nusu ya Kopasi ya Helsinki, ukiyagawa kwa karne tisa na zaidi, kisha kwa aina za matini, kila fungu linabaki jembamba.

Aliyeieleza hoja hii vizuri kuliko wote ni Rissanen mwenyewe, mwaka 1989, kopasi yake ikiwa bado haijatoka. Alitaja hatari tatu. Ya kwanza, mtafiti ataacha kusoma matini zenyewe, awe na takwimu za lugha asiyoijua. Ya pili, atadhani kilichomo kwenye kopasi ndiyo lugha yote, kana kwamba ni ukweli ulioshuka kutoka kwa Mungu. Ya tatu ni ya hila zaidi: kadiri unavyoongeza alama na kupanga data kwa undani, ndivyo mifano ya kila fungu inavyopungua, na uhakika unayeyuka mikononi.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa hesabu, kwa sharti moja: anayehesabu awe amewahi kukaa na neno moja kwa miaka, kama Rissanen. Hatari ya kwanza naiona kubwa kuliko hizo mbili, kwa sababu upungufu wa data unaweza kutangazwa, lakini asiyeijua lugha hajui alichokosea.

Jambo hili linatugusa. Chuo hicho hicho kina Kopasi ya Kiswahili, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, yenye mamilioni ya maneno ya Kiswahili cha kisasa. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, India, ni kazi nyingine kabisa. Zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika uandishi wa zamani herufi moja ya "ba" ingeweza kusomwa b, p au mb, na alama moja ya irabu ikabeba i na e pamoja. Kabla mashine haijahesabu chochote humo, lazima mtu anayekijua Kiswahili cha pwani aamue kila neno linasomekaje, na akikosea, kosa lake litaingia kwenye hesabu likiwa na sura ya ushahidi.