Maharagwe ni Rahisi, Ukiwa na Friji

Shemeji yangu wa Milimani, mtaa wa wenye nazo hapa Kisumu, ana dawa mbili tu za umaskini: bajeti na maharagwe. Akisikia nalalamika unga umepanda, ananikatiza: "Shem, nyinyi hamjui kupanga. Ingia soko la Kibuye Jumapili, nunua gunia, chemsha mengi kwa mpigo, gawanya kwa vibakuli, weka kwa friji. Mnakula wiki nzima."

Hesabu yake haina kasoro. Kasoro ni mimi.

Gunia ni kilo 90. Gorogoro, ule mkopo wa kupimia, ni kama kilo 2, na mimi hununua nusu gorogoro. Maana yake nanunua kwa mama aliyenunua kwa jamaa aliyenunua kwa mwenye gunia, na wote hao wamekula faida yao kabla sijafika. Na tuseme pesa ya gunia imepatikana. Shemeji ana pikapu. Mimi nalipa mkokoteni hadi Manyatta, halafu naliweka wapi? Chumba ni kimoja. Gunia likiingia, mtoto mmoja anahama. Panya wa ploti yetu, nao, wana familia ya kulisha.

Tuje kwa jiko. Makaa nanunua kwa mkebe. Maharagwe nimeyalowesha usiku kucha, msinifundishe, na maji yenyewe nimenunua kwa mtungi. Mkebe wa kwanza unaisha yakiwa yamebadilika rangi tu. Unatoa moja kwa mwiko, unalibonyeza, linakubonyeza. Mama watoto anapepea kwa kifuniko cha ndoo, majivu yamempanda hadi kwenye nyusi, watoto wanauliza "bado?" kwa zamu. Mkebe wa pili. Sasa makaa yamegharimu kushinda maharagwe, na hatujagusa kitunguu.

"Si ununue gesi?" Serikali ilipoitoza gesi VAT ya asilimia 16 Julai 2021, sikuumia hata kidogo. Ilipoiondoa 2023, sikufurahi. Mtungi sina! Lakini Septemba 2018 walipoyatwika mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti watu wasiyachanganye na dizeli, mimi mwenye kikoroboi na stovu nikalipa. Lori sina, lakini ushuru wa wenye malori nilikuwa nao. Umeme nao usiutaje: landilodi akisikia harufu ya jiko la koili anapanda ngazi mwenyewe.

Kwa hivyo tunakula omena, na siku njema mgongo wazi kutoka Obunga. Huyo ni mbuta aliyevuliwa minofu kiwandani ikaenda ng'ambo. Sisi tukaachiwa kichwa, mifupa na kumbukumbu. Lakini unanunua umeshakaangwa, mkavu, unachambua na ugali, umemaliza. Haudai friji, haudai masaa matatu ya moto. Shemeji anasema kununua chakula kilichopikwa ni anasa, ndiyo maana hatuendelei.

Juzi nikamkubalia. Nikamwambia, sawa shemeji, nitayaleta kwako, niyachemshe kwa gesi yako, niyaweke kwa friji yako, niwe napitia bakuli moja kila jioni nikitoka kazini. Akanyamaza. Akaangalia simu. Akasema wazo ni zuri sana, ila friji imejaa nyama, na pia harufu ya maharagwe humsumbua. Kwake hawayali.