486 yako iwekee 5x86, hiyo OverDrive waachie wenye hela

Jamani, kila mtu akiokota deskitopu ya 486 (kompyuta ya zamani yenye prosesa ya kizazi cha kabla ya Pentium), ile ya kesi iliyogeuka njano, swali lake la kwanza ni atapata wapi Pentium OverDrive, yani prosesa ya Intel ya kuiongezea nguvu 486. Mi nasema achana nayo.

OverDrive ya 83 MHz ni prosesa nzuri sikatai, Intel waliitoa 1995, ina kache (kumbukumbu ya haraka ya ndani) ya 32 KB na feni yake kabisa juu, kwenye hesabu za desimali 486 haioni ndani. Ila ni Pentium iliyobanwa kwenye njia ya biti 32 badala ya 64, bodi mama kibao zinaigomea, na bei yake siku hizi ni ya wakusanyaji. Mwaka huohuo AMD walitoa Am5x86, ndo hiyo 5x86 ninayosema, ya 133 MHz, wakaibandika P75 yani eti inalingana na Pentium 75, na kwa DOS, Windows 3.1 na Doom wala hawakudanganya sana. Game la Quake, lenye hesabu nyingi za desimali, ndo litakuumbua, lakini nani kakutuma ucheze Quake kwenye 486?

Watu wanapoharibu ni kwenye volti. DX2-66 ya kawaida (486 ya 66 MHz) inakula volti 5, Am5x86 inataka 3.45, sasa wewe chomeka tu bila kusogeza jampa (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini kwenye bodi) halafu subiri harufu. Kama bodi haina hiyo 3.45 wala 3.3 basi tafuta adapta yenye regyuleta ikae katikati ya soketi na prosesa, usijipe moyo kwamba itavumilia. Jampa za spidi nazo zina kituko, bodi nyingi hazijui kitu kinaitwa mara 4 (kuzidisha spidi ya bodi kwa 4 kupata ya prosesa), unaweka mara 2 na prosesa yenyewe inaisoma kama 4, basi 33 MHz ya bodi inakuwa 133. Soketi ikiwa haina kile kimkono cha kuinua, ng'oa kwa bisibisi bapa kidogokidogo, kona hii kisha kona ile, maana pini 168 zikipinda upande mmoja utalia, na unaporudisha angalia ile kona iliyokatwa iende kwenye kona yake.

Halafu kabla hujatoa hata shilingi ya prosesa, cheki betri ya bodi. Ile ya pipa iliyochomelewa karibu na tundu la kibodi huwa inavuja, ukiona ukungu wa kijani kwenye njia za shaba ujue bodi inaliwa. Ikate leo leo, safisha kwa siki kidogo kisha spiriti. Mtu anaweka prosesa ya maana kwenye bodi inayooza, hapo ndo mi huwa nachoka kabisa.

Na DX2 yako ya zamani usiigawe. Kuna game za DOS zinapimia muda kwa spidi ya prosesa, kwenye 133 zinakimbia mpaka hazichezeki, na hata kitufe cha turbo, kile cha kupunguza spidi, si kila bodi kinafanya kazi ukishaweka 5x86.